Tupande Ua Gani Kwenye Nyumba Yenye Watoto?

Mvua ya mwezi wa kenda ikianza huku Kivu, ndio wakati wa kupanda ua. Wengi wetu hatuna pesa ya matofali wala ya mbao. Ua wa miti unazuia mbuzi wa jirani, unapunguza vumbi la barabara na kuonyesha mpaka wa kiwanja. Lakini mara nyingi tunaomba tawi kwa jirani na kulichomeka bila kuuliza ni mti gani. Anayecheza karibu na ua siku nzima ni mtoto. Basi swali la kwanza liwe hili: mtoto akiuvunja au akiutia kinywani, itakuwaje?

Miti ya kuepuka

Mnyaa, ambao kwa Kinyarwanda ni umuyenzi, unapendwa kwa sababu unashika haraka hata penye mawe, na mbuzi hawaugusi. Hawaugusi kwa sababu ya maziwa yake meupe. Maziwa hayo yanaunguza ngozi, na yakiingia jichoni yanaleta maumivu makali na yanaweza kumfanya mtu asione kwa muda.

Tevetia ni ule mti wa majani membamba na maua ya njano kama kengele. Ni mzuri kwa macho, lakini wote ni sumu, na kokwa zake zinaharibu mapigo ya moyo. Zinaweza kuua mtoto.

Lantana ina maua madogo ya rangi nyingi. Matunda yake mabichi ni hatari kwa watoto, majani yake yanadhuru mbuzi na ng'ombe, na ndege wanasambaza mbegu zake mpaka mashambani.

Miti inayofaa

Ibisku, yenye maua makubwa mekundu, haina miiba wala sumu ya kuogopesha. Ukiikata mara kwa mara inafunga vizuri.

Titonia, ile alizeti mwitu ya njano, inakua upesi. Majani yake ukiyafukia shambani yanakuwa mbolea nzuri ya mboga na mahindi. Ikate kabla mbegu hazijakomaa, isienee kwa jirani.

Mubirizi, wenye majani machungu, unavumilia kukatwa, na mbuzi wanakula majani yake.

Sipresi pia inafaa, ila inataka mkasi kila mwaka. Ukiiacha inakuwa mti mkubwa, na ukiikata mpaka kwenye mbao kavu haichipui tena.

Namna ya kupanda

Chukua vijiti vilivyokomaa, vya unene wa kidole gumba na urefu wa sentimita 40 hivi. Fukia theluthi moja, ukiacha sentimita 30 kati ya kijiti na kijiti. Ua ukishakua, ukate chini uwe mpana kuliko juu, jua lifike mpaka kwenye majani ya chini. La sivyo chini kutabaki matundu ya kuku.

Kama una mnyaa tayari, usiung'oe kwa siku moja. Zungumza kwanza na jirani, maana ua ni wa pande mbili. Panda mstari mpya upande wa ndani, na ukishafika kifuani, toa ule wa zamani. Siku ya kukata, funika mikono na macho, na watoto wakae mbali.

Ajali ikitokea

Maziwa ya mti yakiingia jichoni, osha kwa maji safi mengi kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya. Mtoto akila tunda la sumu, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali mara moja, hata kama bado anacheza, na ubebe tawi la mti huo ili muganga aone ni mti gani.

Wiki hii, kila mama azunguke ua wake na watoto, awaonyeshe mti mmoja mmoja: huu tunagusa, huu hatugusi.