Akili za watoto wa Embu zilivyopanda katika miaka 14

WATOTO wa vijijini Embu waliopimwa akili mwaka 1998 waliwapiku kwa mbali wenzao wa umri huo waliopimwa 1984. Matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2003 na Tamara Daley na wenzake, yalikuwa ya kwanza kuonyesha ongezeko la aina hiyo katika mashamba ya nchi inayoendelea.

Kipimo kilichopanda zaidi hakihitaji kusoma. Mtoto huonyeshwa mchoro uliotolewa kipande, akachagua kati ya vipande sita kile kinachoukamilisha. Katika maana ya maneno, ongezeko lilikuwa dogo.

Mzazi wa Runyenjes asidhani damu ilibadilika. Miaka 14 haitoshi. Watafiti walitaja lishe, kisomo cha wazazi na mabadiliko katika familia. Ikumbukwe pia kwamba 1984 ulikuwa mwaka wa ukame mkali.

Hoja ya lishe ilijaribiwa Embu kwenyewe kuanzia 1998: wanafunzi wa shule kadhaa walipewa githeri yenye nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyotiwa mafuta. Waliokula nyama ndio walioendelea zaidi katika michoro ile.

Kupima wepesi wa kuitikia ishara ni kugumu zaidi. Mwaka 2013 wataalamu fulani walidai binadamu amezorota tangu Francis Galton alipowapima watu London katika miaka ya 1880. Wapinzani wao waliuliza: vyombo vya wakati huo vyalinganishwaje na vya leo?