Mtoto Asiyekula Nyama, na Mdogo Wake Aliye Mgongoni

Mama aliyeingia katika chumba cha daktari huko Makere, wilayani Kasulu, hakuja kutafuta dawa. Alikuja na binti yake wa darasa la tatu, na neno lake lilikuwa moja: mtoto anachekwa shuleni. Familia yao ni Waadventista Wasabato. Nyama waliiacha miaka minne iliyopita, na samaki wakafuata. Siku shule ilipopika dagaa pamoja na maharage, binti alikaa na sahani yake bila kuigusa mpaka kengele ikalia. Wenzake walimwita mgonjwa, na mwalimu mmoja akamwuliza mbele ya darasa kama wazazi wake wameshindwa hata kununua dagaa.

Nilikuwa namsikiliza, lakini macho yangu yalikuwa mgongoni mwake. Huko alikuwako mtoto wa miezi 9 ambaye kichwa chake kililala upande mmoja kama cha mtoto wa miezi 2. Nitamrudia.

Ifahamike kwanza kwamba katika vilima vya Uha, kama ilivyo sehemu nyingi za bara, neno mboga halimaanishi majani peke yake. Mboga ni chochote kinachoshushia ugali, hata kama ni nyama ya mbuzi. Na kwa siku nyingi za mwaka mboga ya Makere ni maharage yaliyoungwa kwa mawese, au sombe, yaani majani ya muhogo ambayo kwingine huitwa kisamvu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika hufika wakiwa wamekaushwa. Nyama hungoja sikukuu, harusi au msiba. Shuleni, mahali wazazi wanapochanga mahindi na maharage, sufuria hutoa makande, au ugali na maharage. Hata katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyo jirani na Makere tangu 1996, mgao wa chakula kwa miaka mingi umekuwa unga wa mahindi, jamii ya kunde, mafuta na chumvi. Kwa hiyo binti yule na mwenzake wa dawati moja hula chakula kilekile karibu muhula mzima. Tofauti hujitokeza siku ile tu ambapo nyama au dagaa wamepatikana, yeye akasema, "Sili."

Neno hilo ni zito. Kwetu kukataa chakula ulichokaribishwa huhesabiwa kuwa ni kumkataa aliyekukaribisha, na bibi mwenye nyumba haelewi jinsi mjukuu anavyoweza kuchagua vipande. Ndiyo maana wazazi wengi huwafundisha watoto wao uongo mdogo wa "nimeshiba", na mtoto akarudi nyumbani na njaa. Siupendi ushauri huo. Mtoto aliyezoea kusema ameshiba wakati ana njaa atatusumbua baadaye, tutakapotaka kujua kwa nini hakui.

Lakini shule za Kigoma si ngeni kwa jambo hili kama mwalimu yule alivyodhani. Mtoto wa Kiislamu asiyekula kitimoto hachekwi na mtu, na kila mahafali mbuzi hutafutiwa Mwislamu wa kumchinja ili wote wale pamoja. Zipo koo ambazo mnyama fulani ni mwiko kwao, na hakuna anayewaita wagonjwa. Neno mwiko linajulikana na kuheshimiwa hata na watoto wa chekechea. Nilimshauri mama aende shuleni kabla ya siku ya dagaa, azungumze na mwalimu anayesimamia chakula na mpishi, aombe jambo moja jepesi: maharage ya binti yachotwe kabla dagaa hawajatiwa. Asiombe meza ya peke yake wala sufuria ya peke yake. Mtoto aketi palepale anapoketi siku zote. Na binti mwenyewe afundishwe kutoitia kasoro sahani ya jirani yake. Anayewaambia wenzake kwamba wanakula najisi hana haki ya kulalamika akichekwa. Mama alicheka aliposikia hilo, binti akaangalia chini.

Hapo ndipo nilipomwomba ashushe mtoto wa mgongoni.

Mtoto alikuwa amepauka, mlegevu, hatazami uso wa mtu. Mama alisema alikuwa ameanza kugeuka na kucheka akiwa na miezi 5, kisha "akaacha". Neno hilo ni la kuogopesha kwa daktari wa watoto kuliko homa. Ngozi ya viungo vya vidole vyake ilikuwa nyeusi kuliko mkono wenyewe. Damu ilipopimwa, wekundu wake ulikuwa gramu 7 kwa desilita, na chini ya darubini chembe nyekundu zilikuwa chache na kubwa kupita kawaida. Alikuwa ananyonya vizuri, na uji alikuwa ameanza. Nilimwuliza mama yeye mwenyewe anakula nini. Maharage, sombe, ugali, matunda, karanga. Maziwa? Hawana ng'ombe. Mayai? Kuku wanao, mayai huuzwa ili kupata sabuni na madaftari.

Upungufu wa vitamini B12 ndio uliokuwa umemlegeza. Vitamini hii hutengenezwa na bakteria, nasi huipata kwa uhakika kutoka katika nyama, samaki, maziwa na mayai, au katika vyakula na vidonge vilivyoongezewa. Mimea haitupi. Uyoga wa msituni, ambao watu huuita nyama, hautoshi; wala sombe, wala karanga. Kiasi kinachohitajika ni kidogo ajabu: maikrogramu 0.9 kwa siku kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 3, 1.2 kwa wa miaka 4 hadi 8, na 1.8 kwa wa miaka 9 hadi 13. Kikombe cha maziwa ya ng'ombe hutoa takriban 1, yai moja karibu nusu yake. Mtu mzima ana akiba katika ini inayoweza kumtosha miaka kadhaa, na kwa sababu hiyo mama huyu aliyeacha nyama miaka minne iliyopita alijiona mzima. Mtoto mchanga huzaliwa na akiba ndogo aliyopewa na mama, na baada ya hapo hutegemea maziwa ya mama. Maziwa ya mama aliyeishiwa hayana cha kumpa, na dalili hujitokeza aghalabu kati ya mwezi wa 4 na wa 12.

Kuna mtego mwingine, na katika nchi ya maharage ni lazima utajwe. Maharage na majani ya kijani yana foleti nyingi, na mama mjamzito hupewa vidonge vya FEFO kliniki, vyenye madini ya chuma na asidi ya foliki. Foleti huweza kurekebisha damu ya mtu aliyepungukiwa B12, ikaonekana nzuri, huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika kimyakimya. FEFO isiachwe hata kidogo, inaokoa maisha. Ila mama asiyekula kitu chochote cha mnyama amweleze muuguzi hivyo tangu hudhurio la kwanza, naye muuguzi asiichukulie kuwa ni habari ya dini tu.

Je, basi mtoto alelewe kwa nyama? Swali hili nimeulizwa na wachungaji na wauguzi pia. Mwaka 1998, huko Embu nchini Kenya, watafiti walianza jaribio katika shule 12 za msingi. Watoto wa darasa la kwanza katika baadhi ya shule walipewa githeri, mahindi na maharage kama makande yetu, iliyotiwa nyama. Katika nyingine githeri pamoja na maziwa. Katika nyingine githeri iliyoongezwa mafuta. Na katika nyingine hawakupewa kitu. Waliokula nyama waliongoza katika kipimo cha kufikiri kwa michoro, na uwanjani walikuwa wachangamfu zaidi. Sitaificha habari hiyo kwa kuwafurahisha wasiokula nyama. Lakini B12 katika damu ilipanda kwa waliopewa nyama na kwa waliopewa maziwa vilevile. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mtoto anaweza kukua vema bila nyama, mradi wazazi waseme wazi kitu gani kimeshika nafasi yake.

Wahindu wa Dar es Salaam wasiokula nyama vizazi na vizazi wanalijua hilo: maziwa, mtindi na samli havikosekani mezani. Nao Waadventista, waliofika nchini mwaka 1903 kupitia milima ya Upare na ambao hospitali yao ya Heri imehudumia vilima vya Uha kwa miongo mingi, hawazuiwi na kanisa lao kunywa maziwa wala kula mayai. Kuacha nyama kwao ni jambo linalopendekezwa. Katazo ni kwa wanyama wanaotajwa kuwa najisi. Ellen White mwenyewe, aliyefariki 1915, aliwaonya waumini wasiharakishe kuondoa maziwa na mayai mahali penye umaskini ambako vyakula mbadala havipatikani. Nilimweleza mama hivyo kwa sababu nilijua mumewe angeniuliza nani kanipa mamlaka ya kusema.

Kuhusu madini ya chuma sitachukua muda mrefu. Katika utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022, watoto 59 katika kila 100 wa umri wa miezi 6 hadi 59 walikuwa na upungufu wa damu, na wengi wao wanatoka katika nyumba zisizokataa nyama. Chuma kilicho katika maharage hunyonywa kwa shida kwa sababu ya fitati, kemikali inayokishikilia. Maharage yalowekwe usiku na maji yamwagwe, chungwa, pera au embe liliwe pamoja na chakula, na chai ingoje saa nzima baada ya mlo. Ugali wa muhogo mtupu una protini kidogo mno, basi maharage ya mtoto yawe mengi kuliko ugali, kinyume cha tunavyopakua. Unga wa mahindi wa viwandani uliorutubishwa huongezewa B12, lakini nani Makere hununua unga wa pakiti wakati mashine ya kusaga iko jirani? Familia isiyokubali maziwa wala mayai haina njia nyingine ila kidonge au sindano, maisha yote, nami huwaambia hivyo bila kupamba.

Mtoto alianza sindano za B12 siku ileile. Siku ya nne alimtazama mama yake usoni. Wiki ya pili mikono ilitetemeka kidogo, jambo tunalolijua katika matibabu haya, kisha ikatulia. Baada ya wiki sita alikaa bila kushikwa. Kama amerudishiwa yote aliyopoteza tutajua atakapoanza kusoma. Watoto wengine hubaki nyuma, na mama aliambiwa hivyo pia.

Baba hakukubali mayai. Alikubali maziwa, na sasa nusu lita hununuliwa kila asubuhi kwa jirani mwenye ng'ombe, huchemshwa, na mama hunywa kwanza. Mayai bado yanauzwa, na fedha yake ndiyo inayonunua maziwa. Hesabu hiyo ni ya mama, wala sikumshauri mimi.

Binti naye alikuja siku ile ya wiki ya sita. Nikamwuliza anawajibu nini wenzake siku ya dagaa. "Nawaambia kwetu ni mwiko," akasema. "Siku hizi wanagombania kukaa karibu na mimi, maana dagaa wangu wanagawana wao."