Mtoto wa mwenye baipola: tazama usingizi kwanza

Mzazi akishaambiwa ana baipola, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, jamaa huwageukia watoto. Je, nao wataupata? Wengi hawaupati. Mwaka 2009 Boris Birmaher na wenzake wa Pittsburgh, Marekani, walitoa matokeo ya kulinganisha watoto 388 wa wazazi wenye baipola na 251 wa wazazi wasio nayo. Maradhi ya jamii ya baipola yalionekana kwa asilimia 10.6 ya kundi la kwanza na asilimia 0.8 ya la pili. Pengo ni kubwa, na baba na mama wakiugua wote hatari huzidi. Hata hivyo, karibu tisa kati ya kumi hawakuwa nayo, ingawa walikuwa bado wadogo, na ugonjwa huu mara nyingi hujitokeza ukubwani.

Tatizo ni kwamba familia huvizia dalili isiyotangulia. Wanangoja mtoto akeshe akiongea na kugawa vitu kama baba yake. Anne Duffy na wenzake huko Kanada wamewafuatilia watoto hawa kwa miaka mingi: kwa wengi wanaougua, hutangulia wasiwasi na usingizi mbovu, kisha sonona ya ujanani, na mania, yaani msisimko wa kupita kiasi, huja baadaye. Kijana mwenye sonona hiyo akipewa dawa ya sonona pekee, inaweza kumpandisha mania. Kwa hiyo mtajieni daktari wagonjwa wote wa ukoo, hata yule shangazi asiyesemwa.

Tena kinachomgusa mtoto si damu tu, bali pia maisha ya nyumbani. Yupo mtoto wa darasa la tano anayeficha simu ya mama yake mgonjwa ili mama asikope tena mtandaoni, na usiku hulala nusu akisikiliza kama mlango utafunguliwa. Huyo amebeba ulezi kabla ya wakati, na shuleni ataitwa mvivu.

Habari njema ni kwamba nyumba inatibika. David Miklowitz na wenzake walichapisha mwaka 2020 jaribio la vijana 127 wenye dalili za awali waliokuwa hatarini kupata baipola. Waliohudhuria vikao 12 pamoja na familia, wakijifunza kuutambua ugonjwa na kuzungumza bila kufokeana, walikaa muda mrefu zaidi kabla ya kuugua tena.

Mzazi, usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Na umwambie mwanao waziwazi: naumwa, natibiwa, na wewe hukunisababishia.