Fahamu: Anayejiita askari kwenye simu anataka nini?

Simu inaita. Sauti nzito inasema: "Hapa ni kituo cha polisi. Mwanao amekamatwa, tuma pesa ya dhamana sasa hivi." Moyo unaruka, mkono unakimbilia kwenye simu kutuma. Hapo ndipo tapeli anapokutaka.

Kwa nini watu wananaswa?
Tapeli hukopa mamlaka ya polisi, TRA (mamlaka ya mapato) au TCRA (mamlaka ya mawasiliano), kisha anakuharakisha. Anakukataza kukata simu kwa sababu anajua ukimpigia mwanao, uongo utafichuka.

Utamtambuaje?
Nchini Tanzania, dhamana ya polisi ni bure. Malipo ya serikali hufanywa kwa kumbukumbu namba ya malipo, si kwa kutuma pesa kwenye namba ya mtu binafsi. Na hakuna ofisa wa kweli anayehitaji namba yako ya siri.

Ufanye nini?
Kata simu. Mpigie ndugu anayetajwa, au nenda kituoni mwenyewe. Ujumbe wa utapeli utume kwenda 15040, namba ya TCRA. Piga *106# uhakiki laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama umeshatuma pesa, wasiliana na mtandao wako mara moja, kisha ripoti polisi.

Leo jioni, waeleze wazazi na wazee nyumbani. Nao wanaweza kulengwa kwa hofu hii, na haraka haraka haina baraka.