Kufundisha Upangaji wa Tovuti ya Biashara Ndogo

Wanachuo wengi waendao mazoezi ya kufundisha huliogopa somo la tovuti, kwa kuwa shule wanazopangiwa hazina kompyuta. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa hofu hiyo haina msingi. Sehemu kubwa ya kazi ya kupanga tovuti ni kufikiri na kuandika, nayo yaweza kufanywa kwa chaki, daftari na karatasi za manila.

Kwanza nikiri kosa langu. Nilipofundisha somo hili kwa mara ya kwanza, nilianza na fasili. Wanafunzi waliimba kwa pamoja kwamba tovuti ni mkusanyiko wa kurasa zisomwazo kwa njia ya intaneti. Nilipowauliza mteja angependa kusoma nini katika kurasa hizo, darasa zima lilinyamaza. Walikuwa wamepata neno bila kupata maana. Tangu siku hiyo huanza na biashara wanayoijua, na fasili huja baadaye.

Tuchukue mfano wa Issenye, wilayani Serengeti, magharibi ya Hifadhi ya Taifa. Tuseme pana kikundi cha wafuga nyuki kinachouza asali katika chupa. Wateja wake waweza kuwa wenye mikahawa wa Mugumu, wakazi wa Musoma na Mwanza, na watalii wajao wilayani kutazama nyumbu. Watajie wanafunzi methali isemayo, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kisha uliza: asali nzuri itajiuzaje kwa mtu wa Mwanza asiyejua kuwa ipo? Waache wabishane. Watagundua wenyewe kuwa kizuri hujiuza kwa yule akionaye tu. Hapo ndipo haja ya tovuti inapoeleweka. Baada ya hapo, somo lipitie hatua tano.

Hatua ya 1: Kumjua mteja. Ligawe darasa katika vikundi vitatu: wenye mikahawa, wakazi wa mjini na watalii. Kila kikundi kiandike maswali ambayo mteja wake angeuliza kabla ya kutoa fedha. Mwenye mkahawa atauliza kiasi kinachopatikana kila mwezi. Mkazi wa mjini atauliza bei na usafirishaji. Mtalii atauliza mahali na saa za kufungua. Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayoandikwa katika tovuti. Jambo ambalo hakuna mteja aliyeliuliza laweza kuachwa.

Hatua ya 2: Kuchora kurasa. Kurasa nne zatosha: Mwanzo, Bidhaa na Bei, Habari Zetu, na Mawasiliano. Kwa kuwa wasomaji wengi watatumia simu, kata vipande vya karatasi vyenye ukubwa wa kioo cha simu, na wanafunzi waandike humo. Watajifunza kuandika kwa ufupi na kutanguliza lililo muhimu. Namba ya simu ionekane katika kila ukurasa. Picha ziwe chache na nyepesi, maana picha nzito humaliza kifurushi cha mteja kabla hajaiona bei. Picha ya mtoto isiwekwe bila idhini ya mzazi wake. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Hatua ya 3: Kuchagua jina. Anwani za biashara zilizosajiliwa nchini huweza kuishia na .co.tz, na majina ya .tz husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania. Waeleze wanafunzi kuwa jina hilo hulipiwa kwa muda, kama pango la chumba, na lisipolipiwa hupotea. Nimepata kuona kikundi kimoja kilichomwachia fundi asajili anwani kwa jina lake mwenyewe. Fundi alipohama, kikundi kilipoteza anwani, na chupa zilizokwisha kuchapwa anwani hiyo zikawaelekeza wateja mahali pasipo na mtu. Jina lisajiliwe kwa kikundi, na nywila zitunzwe na viongozi wake.

Hatua ya 4: Kutangaza. Tovuti isiyotangazwa ni duka lililojengwa porini bila njia. Waulize wanafunzi njia hizo zipite wapi: katika kibandiko cha chupa, ubao wa barabarani, stakabadhi, makundi ya WhatsApp, na midomo ya waongoza watalii. Pia biashara yaweza kuandikishwa katika ramani za Google bila malipo. Maneno ya ukurasa yawe yale ayatumiayo mteja anapotafuta. Atafutaye huandika "asali Serengeti". Haandiki "mazao bora ya nyuki kwa maendeleo endelevu".

Hatua ya 5: Kupima faida. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mteja aulizwe alipatia wapi habari, na jibu liandikwe. Hapa somo lishikane na Hisabati. Tuseme gharama ya tovuti ni shilingi 120,000 kwa mwaka, na faida ya chupa moja ni shilingi 3,000. Je, wateja walioletwa na tovuti wanunue chupa ngapi ili gharama irudi? Mwanafunzi akigawanya atapata 40. Daftari likionyesha chupa 15 tu kwa mwaka, kikundi kitafute njia nyingine, na si aibu kusema hivyo.

Somo hili lahitaji vipindi visivyopungua vinne. Usiyamalize yote kwa siku moja.

Jambo la mwisho ni uaminifu, na lipewe nafasi katika andalio lako la somo. Mteja wa mbali hawezi kuionja asali. Ana maneno yetu tu. Tukiandika kuwa asali ipo nayo imekwisha, au tukiacha bei ya mwaka jana, mtu atasafiri au atatuma fedha kwa kutuamini. Ahadi ni deni. Mwanafunzi atakayetoka darasani akijua kwamba kila neno aliandikalo hadharani humfunga, atakuwa amejifunza jambo litakalomfaa hata asipoigusa kompyuta kwa miaka kadhaa.