Doa la Manjano na Somo la Kemia: Walimu Wanaporejea Kuwa Wanafunzi

Hakuna mama wa Pwani asiyelijua doa hili. Kanzu nyeupe imerudi kutoka walima ikiwa na tone la mchuzi uliotiwa manjano. Inarowekwa, inapakwa sabuni ya kufulia, na mara doa la njano linageuka jekundu. Wengi wetu tumelisugua kwa hofu, tukidhani nguo imeharibika. Kumbe sabuni ina tabia ya besi, na rangi iliyomo ndani ya manjano huwa nyekundu ikikutana na besi. Likamulie ndimu, wekundu utaondoka na unjano utarudi. Miaka yote hii tumekuwa tukifanya jaribio la kemia kwenye karo la kufulia, wala hapana aliyetuambia.

Jaribio kama hilo ndilo kiini cha warsha za kuwafunza walimu sayansi kwa vitendo. Katika warsha ya namna hii, mwalimu huweka chaki chini na kuketi mahali pa mwanafunzi. Hukoroga manjano katika spiriti, akachovya vipande vya karatasi nyeupe na kuvikausha. Kisha hutonesha ndimu juu ya kipande kimoja, maji ya sabuni juu ya kingine, na magadi juu ya cha tatu. Kabla ya kutonesha hutakiwa aseme anatarajia nini, na baada yake aandike alichokiona, si alichokitarajia.

Hapo ndipo thamani ya warsha hudhihirika. Karatasi ya manjano haibadiliki kwa ndimu, lakini haibadiliki kwa maji matupu vilevile. Mtoto mwerevu atauliza, "Mwalimu, je, maji nayo ni asidi?" Mwalimu aliyelisoma somo kitabuni tu huenda akamnyamazisha. Yule aliyekwisha kukwama mwenyewe mbele ya walimu wenziwe atalifurahia swali hilo. Anajua kwamba manjano hufichua besi peke yake, na kwamba asidi yahitaji shahidi mwingine, kama vile maji ya kabichi ya zambarau, ambayo huwa mekundu kwa ndimu na kuelekea kijani kwa magadi.

Njia hii si ngeni nchini. Mwaka 1998 Kenya, kwa ushirikiano na Japani, ilianzisha mradi wa SMASSE wa kuwanoa walimu wa hisabati na sayansi waliokuwa tayari kazini katika shule za sekondari. Kutokana na juhudi hizo kikapatikana kituo cha CEMASTEA, kilichoko Karen, Nairobi. Mafunzo hayo yalijengwa juu ya nguzo nne: shughuli, mwanafunzi, jaribio, na ubunifu wa vifaa. Mwalimu hupanga somo, akalifundisha, akalitazama upya, kisha akalirekebisha. Nguzo ya nne ndiyo inayowagusa zaidi wenye shule zisizo na maabara, kwani chupa tupu, mrija na kijiko cha jikoni hutosha kuanzia.

Sisi Waislamu hatuna sababu ya kuiona njia hii kuwa ngeni. Mtume (SAW) aliwafundisha masahaba swala kwa kuwaonyesha, akawataka waswali kama walivyomwona yeye akiswali. Hakuna ustadhi anayefundisha udhu kwa kuandika ubaoni pekee. Huchukua maji, akaosha viungo, na watoto wakamfuata. Nayo Suratul Ghashiya yatuelekeza tumtazame ngamia alivyoumbwa, na mbingu zilivyoinuliwa. Kutazama kwa makini ndio mwanzo wa sayansi.

Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965 na kufariki Cairo yapata mwaka 1040, aliishi kwa kanuni hiyo. Katika Kitab al-Manazir alibainisha kwamba tunaona kwa kuwa nuru huingia jichoni, kinyume cha waliodhani kwamba jicho ndilo linalotoa miale. Hakutosheka na hoja. Alipanga taa mbele ya tundu la mahali penye giza, akaziziba moja baada ya nyingine, na kila alipoziba taa, alama yake ya mwanga ikatoweka. Leo mwalimu aweza kulionyesha jambo la karibu na hilo kwa boksi la viatu: atoboe tundu la sindano upande mmoja, na upande wa pili akate dirisha na kulifunika kwa karatasi iliyopakwa mafuta. Akilielekeza boksi kwenye mnazi ulioangazwa na jua, na kujifunika shuka kichwani ili kuzuia mwanga, atauona mnazi umepinduka, makuti chini na shina juu.

Huenda mzazi akauliza faida ya haya yote. Jibu li karibu nasi. Kila tunapompeleka binti kujifungua, twauliza kama yupo daktari wa kike. Ni haki yetu kuuliza. Lakini daktari huyo ni lazima awe alianza kama msichana darasani, akashika chupa, akapima, akakosea, akarudia. Katika mtihani wa KCSE, karatasi ya vitendo ya biolojia, ya kemia na ya fizikia hubeba alama 40 kila moja. Msichana anayekishika kifaa kwa mara ya kwanza siku ya mtihani, mikono ikimtetemeka, hana kosa. Kosa ni letu sote tulioridhika na mwalimu asiyewahi kupewa nafasi ya kujaribu.

Basi tufanyeje? Katika mikutano ya wazazi, tuache kuuliza alama pekee. Tuulize pia kama walimu wa sayansi wamehudhuria warsha, na kama wanaporejea hupewa muda wa kuyatumia waliyojifunza. Wengi wetu tumelalamika, na kwa haki, juu ya vifaa vya kununua kila wiki chini ya mtaala wa umilisi. Mwalimu aliyefunzwa kubuni vifaa hutupunguzia mzigo huo, kwani atatuomba maboksi na chupa tulizokuwa tuzitupe.

Nyumbani nako, mtoto akiomba kijiko cha manjano, tusimkemee kwamba achezea chakula. Israfu ni haramu, naam, lakini ndimu iliyonyauka na manjano yaliyokaa sana yatosha kwa somo. Tuketi naye, tumuulize anatarajia kuona nini. Tumuonye pia kwamba dawa ya klorini ya kung'arisha nguo haichanganywi kamwe na ndimu, siki wala asidi ya kusafishia choo, kwani hutoa hewa yenye sumu.

Tunamuomba Allah (SWT) awabariki walimu wetu wanaokubali kuketi tena kama wanafunzi, na atujaalie mabinti watakaotutibu kesho. Amin.