"A", "An" na "The": Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Ukikulia Makongeni jijini Nairobi, au Kaloleni na Mbotela hapo jirani, hukosi kuzisikia kanuni za Kiingereza kila uendako. Kaka aliyemaliza Form Four ana yake, mwalimu wa tuisheni ana yake, na shangazi anayekusomea barua ya kuomba kazi kabla hujaituma pia ana yake. Nyingi zinahusu vile vijineno "a", "an" na "the" vinapokutana na vitu visivyohesabika kama maji, pesa na habari. Baadhi ya kanuni hizo ni za kushika maisha yako yote. Nyingine zimewapokonya watoto alama bure. Tuzipime.

"Nomino isiyohesabika haichukui kijineno chochote."

Uongo. Inachokataa ni "a" na "an". "The" inaipokea bila taabu. Ukisema "Water is life" unasema maji kwa jumla, popote yalipo, kwa hiyo huweki kitu. Ukisema "The water in the jerrican is dirty" msikilizaji anajua ni maji yapi: yale ya kwenye mtungi wa plastiki pale mlangoni. Asili ya vijineno hivi inaeleza yote. "An" ilitokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya "moja", na "a" ni "an" hiyo hiyo iliyodondosha "n". Maji hayana moja wala mbili, basi "a" itayashika wapi? "The" haijali idadi. Kazi yake ni kuonyesha kipi kinachosemwa.

"Ukiweza kukihesabu kwa macho, kinahesabika kwa Kiingereza."

Uongo, na huu ndio unaopotosha kuliko yote. Chungulia sufuria ya githeri. Mna mahindi na maharagwe, na ukiwa na subira unaweza kuhesabu punje moja moja za vyote viwili. Kiswahili kinaviweka sawa: mahindi haya, maharagwe haya. Kiingereza kinavitenganisha humo humo sufuriani. "Maize" haihesabiki, "beans" zinahesabika, ndiyo maana utasema "The maize is ready but the beans are still hard". "A bean" ipo. "A maize" haipo, wala "maizes" unapozungumzia punje. Mwenye kibanda huhesabu noti zake kila jioni, lakini "money" haihesabiki; kinachohesabika ni "shillings". Viti na meza vinahesabika, ila vikiitwa kwa pamoja "furniture" hesabu inakoma.

Macho basi hayatoshi. Kamusi ndiyo mwamuzi. Ile kamusi ya Oxford ya wanafunzi huweka herufi C kwa nomino inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Kazi hiyo ilianza kuchapishwa Tokyo mwaka 1942, ikiandaliwa na A. S. Hornby na wenzake waliokuwa wakiwafundisha Wajapani, watu ambao lugha yao, kama yetu, haina "a" wala "the". Iliandikwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye taabu kama yako, basi itumie.

"Makosa haya yote yanaletwa na Kiswahili na Sheng."

Nusu kweli. Kiswahili hakina vijineno hivi, na kinaweka kwenye wingi mambo ambayo Kiingereza hakihesabu: habari hizi, mizigo hii, vifaa hivi, nywele hizi. Hapo ndipo zinapozaliwa "informations", "luggages", "equipments" na "my hairs". Lakini Mfaransa, ambaye lugha yake imejaa vijineno vya aina hii, naye huteleza kwenye "informations", kwa kuwa kwao wingi huo ni halali. Sheng nayo inasingiziwa: maneno yake hubadilika kila kukicha, lakini kwa sehemu kubwa imesimama juu ya sarufi ya Kiswahili.

Tena Kiswahili kinakusaidia, na hili naona walimu wangelisema kwa sauti zaidi. Linganisha "Nimenunua mchele" na "Nimeununua mchele". Ya kwanza ni mchele tu. Ya pili ni ule tuliokuwa tukiuzungumzia. Sasa weka Kiingereza: "I have bought rice" na "I have bought the rice". Hiyo "u" ndogo ndani ya kitenzi inafanya kazi karibu sawa na "the". Kwa hiyo ukikwama, jiulize: ningekuwa nasema Kiswahili, ningesema "ule mchele", "yale maji", "zile pesa"? Kama ndiyo, weka "the". Kama sivyo, acha wazi. Chunga jambo moja: ujanja wa kiambishi ni wa vitu. Kwa watu Kiswahili husema "nimemwona mtoto" hata kama mtoto mwenyewe hajulikani.

"Kisichohesabika kitangulizie kipimo."

Kweli tupu, na wazee waliotufundisha hivyo walijua walichofanya. Mtu haombi "a bread" dukani. Anaomba "a loaf of bread". Sabuni ni "a bar of soap", saruji ni "a bag of cement", na nyama ya soko la Burma hapo Jogoo Road ni "a kilo of meat". Hata ushauri una kipimo chake: "a piece of advice". Anayeuza mahindi kwa gorogoro ameshaielewa kanuni hii, kwa sababu hajawahi kuuza "hindi moja" la punje.

"Kivumishi kikiingia katikati, 'a' inaruhusiwa."

Uongo mara nyingi. Makongeni ni mtaa uliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na miaka hii neno linalorudiwa katika mitaa ya Eastlands ni "affordable housing". Hakuna "an affordable housing", kwa sababu "housing" haihesabiki, na kivumishi hakiibadilishi. "An affordable house" ni sawa. Halafu tazama: "the Affordable Housing Act", sheria ya mwaka 2024, ina "the" kwa sababu ya "Act". Na ile asilimia 1.5 inayokatwa mshaharani ni "a housing levy", kwa sababu "levy" inahesabika. Kijineno husikiliza nomino kuu, ambayo katika majina kama haya ni ile ya mwisho, hata kikiwa kimesimama mbali nayo.

Zipo chache zinazokiuka: "a good education", "a good knowledge of English". Nazo "a coffee" na "two teas" hotelini, maana hapo ni vikombe vinavyohesabika. Zikariri hizo, ila usizitumie kuhalalisha "a good advice", "a good news" au "a good progress".

"Ukiwa na shaka, weka 'the'."

Uongo. "The life is hard" ni kosa. "Life is hard" inatosha, na "the life of a hawker" ni sahihi kwa kuwa umetaja maisha yapi. Katika KCSE, zoezi la kujaza nafasi kwenye karatasi ya kwanza ya Kiingereza lina alama 10, na huko kubahatisha "the" hakulipi.

Limebaki moja, nalo linastahili heshima: kwamba "furnitures" sasa ni Kiingereza cha Kenya, hivyo ni sahihi. Mtaani ni kweli. Mtihanini bado ni uongo. Wataalamu wanakichunguza Kiingereza chetu kwa makini. Mwaka 2006 Alfred Buregeya wa Chuo Kikuu cha Nairobi alichapisha utafiti kuhusu sifa zake za kisarufi na kiasi zinavyokubalika. Na lugha hubadilika: zamani Waingereza waliita njegere "pease", bila kuihesabu, kama "maize" ya leo. Watu wakaidhania ni wingi, wakaitungia umoja, "pea", na leo hakuna anayewasahihisha. Ila hilo lilichukua vizazi, nawe mtihani wako una tarehe. Kwenye karatasi ya mwaka huu, "furniture", "equipment", "luggage", "information" na "advice" hazichukui "s", wala hazichukui "a".